Nani Alimfuta Trota?

Nilimaliza kusoma Mistress of the Art of Death usiku wa kuamkia semina, na asubuhi yake nikafanya kosa la kuisifu mbele ya wenzangu wa shahada ya uzamili. Riwaya hiyo ya Ariana Franklin, jina la kalamu la Diana Norman, ilitoka mwaka 2007. Tuko Cambridge, Uingereza, mwaka 1171. Watoto wanauawa, wenyeji wanawasingizia Wayahudi, na Wayahudi wamekimbilia ngomeni. Mfalme Henry II, anayezihitaji kodi zao, anaagiza kutoka Sisilia bingwa wa kusoma maiti. Anayefika ni mwanamke: Adelia, aliyesomea udaktari Salerno, kusini mwa Italia. Kwa kuwa hakuna atakayemwamini, mtumishi wake Mwislamu, Mansur, anajifanya ndiye daktari, naye Adelia anajifanya msaidizi.

“Huo ni mwaka 2007 uliovalishwa nguo za karne ya 12,” mwenzangu mmoja alisema. “Mwanamke daktari? Wapi?”

Nusu ya hoja yake naikubali. Adelia ana mawazo ya kisasa mno kuhusu ndoa. Salerno walijifunza maumbile ya ndani kwa kupasua nguruwe, si watu. Uchunguzi wa maiti kwa ajili ya kesi tunaukuta Bologna mwaka 1302. (Franklin ni mjanja: Adelia wake naye amejifunzia kwenye mizoga ya nguruwe.) Ila uzushi dhidi ya Wayahudi hakuuota. Mwaka 1144 mvulana aitwaye William alikutwa amekufa nje ya Norwich, na baadaye mtawa Thomas wa Monmouth akaandika kitabu kizima kuwashutumu Wayahudi wa mji huo.

Kilichonikera ni lile “wapi?”, kwa sababu jibu lipo. Salerno hiyohiyo.

Trota alitibu huko katika karne ya 12. Ndani ya kitabu cha Kilatini cha tiba za wanawake kuna kisa chake ambacho mtunzi yeyote wa riwaya za upelelezi angekionea wivu. Msichana ana maumivu. Imeshaamuliwa kwamba kuna kitu kimepasuka ndani na yuko karibu kukatwa kwa kisu. Trota anaitwa kama bingwa. Anamtazama, anashangaa sana. Anamchukua hadi nyumbani kwake amchunguze kwa faragha, na huko anagundua kwamba hakuna kilichopasuka. Ni upepo uliojaa tumboni, kwa lugha ya tiba ya enzi ile. Anamwandalia maji ya kuoga yaliyochemshwa na mimea. Kisu kinarudi alani.

Kisha Trota mwenyewe akapotea. Maandishi matatu ya Salerno, mengine si yake, yaliunganishwa, na jina lake likageuka kuwa jina la kitabu: Trotula. Mwaka 1566 chapa moja ya Basel ikamwondoa kabisa. Mwandishi, ilidai, ni Eros, mtumwa aliyeachwa huru na Julia wa Roma ya kale. Mwanamume. Adelia alimchagua Mansur mwenyewe, na Mansur alikuwa rafiki. Trota hakuulizwa kuhusu Eros. Kwa karne kadhaa baadaye wasomi walibishana kama mwanamke huyo aliwahi hata kuishi.

Mwaka 1985 mwanahistoria John F. Benton alionyesha kwamba hati moja ya kale iliyohifadhiwa Madrid ina kitabu kingine cha tiba chenye jina la Trota. Nacho hakiishii kwenye mambo ya uzazi: kina hadi dawa ya aliyeumwa na nyoka.

Nilimtumia mwenzangu kisa cha yule msichana, bila maelezo. Alijibu saa saba za usiku, akiuliza kama ile riwaya naweza kumwazima.