Malale na Mlango wa Ubongo

Mwaka 1885, mjini Berlin, tabibu kijana aitwaye Paul Ehrlich alichapisha matokeo ya majaribio yake ya kudunga rangi katika miili ya wanyama. Damu iliisambaza rangi, na viungo, kimoja baada ya kingine, vikabadilika. Ubongo ulibaki karibu kama ulivyokuwa. Ehrlich aliliona jambo hilo vizuri, ila alilifasiri vibaya: alidhani kuwa nyama ya ubongo haina tabia ya kushika rangi zile. Haikumpitikia kwamba rangi ilizuiwa njiani.

Kosa hilo lilidumu kwa zaidi ya miaka 20, na kusahihishwa kwake kunahusiana na Ziwa Viktoria kuliko inavyokumbukwa kwa kawaida.

Mwanzoni mwa karne ya 20, ugonjwa wa malale uliufagia mwambao wa kaskazini wa ziwa hilo, Busoga na visiwa vyake. Inakadiriwa kuwa zaidi ya watu 200,000 walikufa. Mgonjwa alianza kwa homa na kuvimba tezi. Baadaye akabadilika tabia, akalala mchana na kukesha usiku, kisha akazama katika usingizi usio na mwamko. Mwaka 1903, mjini Entebbe, Aldo Castellani alitangaza kuwa ameviona vimelea vya tripanosoma katika maji ya uti wa mgongo ya wagonjwa. David Bruce na wenzake wakathibitisha kuwa mwenezaji ni mbung'o. Ikadhihirika kwamba vimelea hivyo viliweza kufika mahali ambapo rangi za Ehrlich hazikuweza.

Wakati huohuo maabara za Ulaya zilikuwa zikitafuta rangi itakayowaua vimelea bila kumdhuru mgonjwa. Mwaka 1904 Ehrlich na Kiyoshi Shiga walitoa rangi nyekundu waliyoiita tripani, kutokana na jina la kimelea chenyewe. Miaka miwili baadaye, mjini Paris, ikapatikana tripani ya buluu. Ni rangi hii ambayo Edwin Goldmann, aliyewahi kufanya kazi na Ehrlich, aliitumia mwaka 1909. Alipoidunga katika damu, mwili ukageuka buluu lakini ubongo haukubadilika. Mwaka 1913 aligeuza njia, akaidunga katika maji yanayozunguka ubongo na uti wa mgongo. Safari hii ubongo ulishika rangi, na mwili ukabaki ulivyo. Basi hoja ya Ehrlich ikaanguka: ubongo uliweza kushika rangi, ila baina yake na damu palikuwa na kizuizi.

Wagonjwa wa ziwani walikuwa wamekwisha kuionja gharama ya kizuizi hicho kabla hakijaeleweka. Mwaka 1906 na 1907 Robert Koch alipiga kambi katika visiwa vya Sese, akawadunga wagonjwa atoksili, dawa yenye zarniki. Vimelea vilitoweka katika damu, na habari za ushindi zikapelekwa Ulaya. Lakini wengi walirudiwa na ugonjwa, na baadhi yao wakapofuka kwa dawa hiyo. Hatimaye serikali ya kikoloni iliwahamisha watu wa mwambao na visiwa, wakaacha mashamba, uvuvi na makaburi ya wazee wao. Suramini, iliyoanza kutumika katika miaka ya 1920, iliwaua vimelea wa damuni barabara, ila haikuweza kuvuka kuingia ubongoni.

Kizuizi kilipata jina lake mwaka 1921 mjini Geneva, kwa Lina Stern na mwenzake Raymond Gautier. Stern, mwanamke wa kwanza kupewa uprofesa katika chuo kikuu cha mji huo, alisisitiza kwamba kizuizi hiki hakifanyi kazi ya kufunga tu, huchagua pia. Mwaka 1925 alihamia Moscow. Mwaka 1949 alikamatwa pamoja na wanachama wengine wa Kamati ya Kiyahudi ya Kupinga Ufashisti. Mwaka 1952 wenzake 13 walipigwa risasi. Yeye alipelekwa uhamishoni Kazakhstan, akarudi mwaka uliofuata baada ya kifo cha Stalin.

Umbo la kizuizi lilionekana mwaka 1967, pale Thomas Reese na Morris Karnovsky walipokitazama kwa hadubini ya elektroni. Kwingineko mwilini, seli za kuta za mishipa midogo ya damu huacha mianya. Katika ubongo zimeshonwa pamoja kwa viungio vilivyobana. Oksijeni na vitu vinavyoyeyuka katika mafuta hupenya. Sukari na asidi za amino huvushwa na protini maalumu. Baadhi ya dawa zinazojipenyeza hurudishwa damuni na protini nyingine zinazosukuma nje.

Bawabu huyu naye huweza kuelemewa. Homa ya uti wa mgongo, kiharusi na jeraha la kichwa hulegeza viungio vyake. Katika malaria ya ubongo, vimelea haviingii ndani ya nyama ya ubongo; chembe nyekundu zilizoambukizwa hunata katika kuta za mishipa, kuta zikavuja, na ubongo ukavimba.

Kwa mgonjwa wa malale aliyekwisha kuingiliwa ubongoni, tumaini kuu tangu mwaka 1949 lilikuwa melasoprali, dawa nyingine ya zarniki. Hiyo iliweza kuvuka. Iliunguza mishipa ilipodungwa, na takriban wagonjwa 5 kati ya 100 waliuawa na dawa yenyewe. Madaktari waliijua hesabu hiyo na bado waliitumia miongo mingi, kwa sababu asiyetibiwa alikuwa na hakika ya kufa.

Mwaka 2018 Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo iliidhinisha feksinidazoli, vidonge vinavyomezwa pamoja na chakula kwa siku 10, baada ya majaribio yaliyofanyika kwa sehemu kubwa nchini humo. Dawa hii hufanya kazi katika damu na katika ubongo pia. Kwa sababu hiyo, wagonjwa wengi wa aina ya malale inayopatikana huko, ambao hawajazidiwa, hawahitaji tena kuchomwa sindano mgongoni ili ijulikane kama vimelea vimekwisha kuvuka. Sindano hiyo ndiyo iliyompa Castellani ushahidi wake kule Entebbe, miaka 115 kabla.