Herufi moja si baiti moja

Leo naweka kando vitini vya saikolojia ya elimu, naingia kwenye historia, ila ya kompyuta. Msikimbie jamani, hesabu ni kidogo tu.

Mwaka 1963 Wamarekani walitoa jedwali lao la herufi, ASCII. Lina nafasi 128 tu: herufi za Kiingereza, namba na alama. Dennis Ritchie alipotengeneza lugha ya C pale Bell Labs mwanzoni mwa miaka ya 1970, herufi moja ikapewa baiti moja, basi. Kiswahili nacho kikapenya bila jasho, mpaka ng' ya ng'ombe, kwa kuwa tunatumia herufi za Kirumi.

Sasa Mjapani mwenye maelfu ya herufi afanyeje? Herufi moja ikabidi ichukue baiti mbili au zaidi. Ukikata sentensi vibaya, unapasua herufi katikati! Ndipo kiwango cha C cha 1989 kikaleta wchar_t, chumba kipana cha kukaa herufi nzima ndani ya programu. Ikitakiwa kutoka kwenda kwenye faili, kuna fanksheni ya wcstombs ya kuigeuza kuwa baiti.

Septemba 1992, Ken Thompson na Rob Pike wakiwa mgahawani New Jersey, wakabuni UTF-8, mpango wa baiti unaotosha herufi za dunia nzima. Humo herufi ya Kirumi isiyo na alama ni baiti 1, ya Kiarabu 2, za Kijapani nyingi 3.

Hapo ndipo tunapoguswa. Karne nyingi Kiswahili cha pwani kiliandikwa kwa herufi za Kiarabu, zikiwemo tenzi za Lamu na Pate. Ukitaka kuzihifadhi kwa programu ya C kwenye Linux bila kuita setlocale kwanza, wcstombs ikifika kwenye ب inagoma, inakurudishia -1. Na ukitenga baiti kwa idadi ya herufi, nafasi inaisha njiani, hata sifuri ya kufungia haiwekwi. Utenzi umekatika hivyo!

Kwahiyo walimu watarajiwa wenzangu, siku mkifundisha kompyuta msiseme herufi ni baiti. Hiyo ni kweli ya Kiingereza, na ya Kiswahili cha juzi. Kile cha mababu kinadai nafasi yake.

Nawasilisha.