Mkojo wa kubadilisha hujulikanaje?

Majuzi nilikuwa Ndanai, kaunti ya Bomet, kwa rafiki niliyesoma naye diploma ya maabara. Tuko kwenye chai, akaingia mpwawe, dereva wa lori la majani chai, uso umemshuka. Kazini wamempima dawa za kulevya, wakamwambia alicholeta ni maji, si mkojo, kwa hivyo kazi hana.

"Mjomba, sikuwa na haja. Nikanywa maji chupa tatu ndipo nikapata."

Nikaomba ile karatasi ya majibu.

Mkojo wa mtu una kriatinini, taka itokayo kwenye misuli na kuchujwa na figo. Maji ya bomba hayana, chai baridi haina. Kwa kanuni za serikali ya Marekani, sampuli huitwa ya kubadilisha ikiwa kriatinini iko chini ya miligramu 2 kwa desilita, na pia uzito wake ukilinganishwa na maji ni 1.0010 kushuka, au 1.0200 kupanda. Lazima yote mawili yatimie. Kriatinini ikiwa kati ya 2 na 20, na uzito juu ya 1.0010 lakini chini ya 1.0030, huo ni mkojo uliozimuliwa tu. Kipo pia kipimo cha joto: ndani ya dakika 4 chombo kiwe na nyuzi 32 hadi 38. Hapo ndipo wenye kuficha chupa mfukoni huumbuka.

Ya kijana ilikuwa 9, uzito 1.002. Amezimua, hakubadilisha.

Ila mkojo halisi wa mtu mwingine, ukiwa na joto lake, hupita vyote hivyo. Agosti 2016 kocha wetu John Anzrah alirudishwa kutoka Olimpiki ya Rio. Kipchoge Keino, aliyeongoza kamati ya Olimpiki ya Kenya, alisema kocha alijifanya mwanariadha, akatoa mkojo na kutia saini; mwenyewe alieleza kuwa kitambulisho cha mkimbiaji alikitumia kupata kiamshakinywa. Hapo kriatinini haisaidii kitu, inatakiwa DNA. Ndiyo iliyowanasa wanariadha 7 wa kike wa Urusi mwaka 2008, akiwemo Yelena Soboleva: mikojo ya nje ya mashindano haikulingana na ile ya mashindanoni.

Kijana nilimwandikia barua ya kuomba apimwe upya, asubuhi, bila kubugia maji. Rafiki yangu akaipeleka mwenyewe. Majibu bado.