Kamba mmoja na darasa la nne

Mwaka 1992, katika Shule ya Brookside mjini San Anselmo, California, wanafunzi wa darasa la nne waliangalia filamu kuhusu viumbe vinavyotoweka. Ilipokwisha, mmoja alitaka kujua wao wafanye nini.

Mwalimu wao, Laurette Rogers, angeweza kuwachorea bango akaendelea na hesabu. Badala yake, darasa likajitafutia kiumbe wa kumtetea: kamba wa maji baridi aitwaye kitaalamu Syncaris pacifica, ambaye serikali ya Marekani ilimwingiza kwenye orodha ya walio hatarini mwaka 1988. Chaguo la ajabu! Kamba huyu hana mvuto wa tembo wala nyangumi. Ni wa urefu wa kidole, mwili wake unapitisha mwanga, na duniani kote hapatikani ila katika vijito vya kaunti tatu: Marin, Sonoma na Napa.

Walipomfuatilia wakafika kwa ng'ombe. Kamba huishi kwenye mizizi inayoning'inia majini chini ya kingo. Ng'ombe wakiachiwa mto, hutafuna miche na kukanyaga kingo hadi zikaporomoka. Tope hujaa, maji hupigwa jua. Stemple Creek, kijito kinachopita kwenye ranchi, kilikuwa kimebaki uchi namna hiyo. Na ardhi ilikuwa ya mtu. Kwa maoni yangu mradi uliponea hapo: mfugaji hakugeuzwa adui, kazi ilifanyika naye, shambani kwake.

Ni kazi ya matope. Ng'ombe huzuiwa kwa uzio. Halafu hukatwa fimbo za mierebi majira ya baridi, miti ikiwa imelala, zikachomekwa ukingoni bila mzizi hata mmoja. Udongo ukiwa na unyevu, huchipua zenyewe. Mtoto wa miaka kumi anaiweza, mradi mtu mzima amtobolee shimo kwa mtarimbo.

Darasa lile lilizaa mpango wa STRAW, yaani wanafunzi na walimu wanaorejesha bonde la mto. Rogers aliacha ubao akauongoza. Leo uko chini ya taasisi ya Point Blue, na shule kadhaa za ukanda huo hupeleka watoto mitoni msimu wa mvua. Waliochomeka fimbo za kwanza wamevuka miaka 40. Penye mierebi kivuli kimerudi, na ndege pia. Kamba bado yumo kwenye orodha ile ya 1988.