Besi Kubwa na Mvumo Wake

Huenda, msomaji, umepata kuhudhuria arusi katika nyua za Komarock, mtaa wa mashariki ya Nairobi ulio jirani na Kayole. Hema imepigwa, viti vimepangwa, na kabla ya wimbo wa kwanza vyombo hutoa ukelele unaowafanya watoto wazibe masikio. Mimi nilisikia huko jambo la ajabu zaidi. Mpigaji mmoja alileta besi kubwa ya kusimama, ile fidla ipitayo kimo cha mtu. Besi hiyo haikupiga ukelele, ilinguruma. Mngurumo ulianza mpigaji hajagusa uzi, ukapanda wenyewe, vikombe vikatetemeka mezani, hata kijana mmoja akakimbilia kukata umeme.

Ugomvi huu una umri wa zaidi ya miaka 100. Mwaka 1915, huko Napa, California, Peter Jensen, mzaliwa wa Denmark, na mwenzake Edwin Pridham waliunganisha mikrofoni na spika yenye nguvu, wakashtuliwa na mlio mkali. Sauti ya spika ilikuwa imeingia katika mikrofoni, ikakuzwa, ikatoka, ikaingia tena, na kila safari ikazidi nguvu. Wataalamu huuita mlio huo kwa jina la Mdenmark mwingine, Søren Absalon Larsen, aliyefariki mwaka 1957. Jensen na Pridham waliutenganisha mdomo na sikio la mtambo wao, na katika mkesha wa Krismasi wa mwaka uleule umati mkubwa ukawasikiliza San Francisco.

Lakini utatenganishaje mdomo na sikio ikiwa chombo chenyewe ni sikio? Hapo ndipo ilipo shida ya besi. Tumbo lake ni sanduku la mbao nyembamba, lililoundwa makusudi litetemeke kwa mguso mdogo. Spika ikivuma, mbao huitika. Mbao zikiitika, nyuzi na kinasio kilichobanwa chini ya daraja hupeleka mwitikio huo kwenye spika. Tena uzi wake mzito hutetemeka kama mara 41 kwa sekunde, na wimbi lake hewani lina urefu wa zaidi ya mita 8. Wimbi refu namna hiyo huzunguka mtu, spika na nguzo ya hema kama maji yazungukavyo jiwe. Ongeza kuta za saruji za Komarock, zinazorudisha kila kitu zilichopewa.

Mwaka 1951 Mmarekani Leo Fender alitoa gitaa la besi la umeme, gogo zima lisilo na tumbo. Kwa kuwa halina uwazi wa kuvuma, lilistahimili spika kubwa, na bendi za dansi za Afrika Mashariki nazo zikalipokea. Sidai kwamba mvumo peke yake ndio uliofukuza besi ya mbao. Yeyote aliyejaribu kuipandisha katika basi anajua sababu nyingine.

Unguja haikuiacha upesi. Ikhwani Safaa, iliyoanzishwa mwaka 1905, na Culture Musical Club ya mwaka 1958 zilikuza taarabu ya kundi kubwa kwa mfano wa Misri, yenye fidla nyingi, kanuni, akordioni, na besi nyuma yake. Ni katika miaka ya 1990 ndipo taarabu ya kisasa ilipokabidhi kazi hiyo kwa kinanda cha umeme na gitaa la besi. Hata hivyo besi ya mbao ingali ikipigwa katika taarabu ya kikale.

Wanaoipiga wamejifunza werevu. Huziba matundu ya kifuani kwa sifongo au kitambaa, ili tumbo lisivume ovyo. Husogeza spika mbele yao na kuinua kutoka sakafuni. Hupunguza sauti za chini kabisa, ambazo sikio huzikosa bila kujuta. Wengine hugeuza nyaya mbili za kinasio, ili wimbi linaporudi lisukume wakati mbao zinavuta. Hila hii ni nyepesi, na mara nyingi hushinda mitambo ya gharama. Manfred Schroeder, Mjerumani aliyefanya kazi Marekani, alipendekeza katika miaka ya 1960 sauti isogezwe mitetemo michache kwa sekunde, isirudi ileile iliyotoka. Dawa hiyo yafaa hotuba. Katika besi, mitetemo michache ni tofauti kati ya kupatana na kupotoka.

Katika ua ule wa Komarock hapakuwa na fundi wa kugeuza chochote. Shangazi wa bibi arusi alitoa leso mbili, mpigaji akazisokomeza katika matundu, spika ikaburutwa hadi upande wa lango. Umeme ukarudishwa. Besi ilisikika dhaifu kidogo, kama mtu azungumzaye nyuma ya pazia, lakini ilifuata kila uzi aliougusa, na watu wakainuka kucheza.