Kutoka Bei Khiyari Hadi Dalali wa Mahakama: Historia ya Kukamata Mali ya Mdaiwa

Kukazia hukumu ni kumlazimisha aliyeshindwa kesi atekeleze kile mahakama ilichoamuru. Akiwa ni mdaiwa na hajalipa, mali yake hukamatwa, ikauzwa mnadani, na deni likalipwa kwa fedha hizo. Shabaha ni deni kulipwa. Kumdhalilisha mdaiwa hakumo katika amri ya mahakama.

Katika karne ya 19, mwenye shamba la karafuu Unguja au Pemba aliyehitaji fedha alikwenda kwa mkopeshaji, mara nyingi mfanyabiashara wa Kihindi. Riba ikiwa haramu katika Uislamu, waliandikiana bei khiyari: shamba liliuzwa, na muuzaji akabaki na hiari ya kulikomboa katika muda waliopatana. Mara nyingi aliendelea kulikalia kwa kulipa kodi, na kodi hiyo ndiyo iliyosimama mahali pa riba. Muda ukipita bila ukombozi, shamba limekwenda. Kimbunga cha 1872 kiliangusha mikarafuu mingi ya Unguja, na utumwa ulipofutwa kisheria mwaka 1897, wenye mashamba walihitaji fedha zaidi za kulipa wapalilizi na wachumaji. Madeni yakazidi kurundikana.

Miaka hiyohiyo sheria za India zilikuwa zikivuka bahari. Waingereza walizitumia kwanza Zanzibar, katika mahakama ya balozi wao iliyosikiliza mashauri ya raia wao Wahindi. Mwaka 1897 zikaingia eneo ambalo leo ni Kenya, na mwaka 1920 zikaingia Tanganyika. Sheria ya India ya 1908 ya mwenendo wa mashauri ya madai ndiyo iliyoweka taratibu ambazo mahakama zetu zinazifuata mpaka leo kwa sehemu kubwa. Mali inayohamishika ilishikwa kwa mkono. Nyumba au shamba vilikamatwa kwa amri ya kumzuia mwenyewe asiviuze, na amri hiyo ikatangazwa papo hapo kwa kupigwa ngoma au kwa desturi ya mahali, kisha ikabandikwa ukutani.

Sheria hiyohiyo ilizungushia familia ya mdaiwa ua. Nguo za lazima, vyombo vya kupikia, vitanda na matandiko havikukamatwa, wala zana za fundi, wala jembe na mbegu za mkulima. Kuingia nyumba ya mtu baada ya jua kuzama na kabla halijachomoza kulikatazwa. Mwanamke wa kukaa ndani alipewa kwanza nafasi ya kuondoka.

Ua huo haukutosha kuyaokoa mashamba ya karafuu. Bei ilipoanguka, uchunguzi wa serikali wa mwaka 1933 ulionyesha jinsi wakulima walivyozama katika madeni. Mwaka 1934 serikali ya Zanzibar ikasimamisha kwa muda uchukuaji wa mashamba kwa madeni, na ikazuia ardhi ya Waarabu na Waafrika isihamie kwa watu wengine bila kibali. Wafanyabiashara wa Kihindi walipinga vikali sheria hizo za madeni pamoja na zile za biashara ya karafuu, na mwaka 1937 India ikaanza kugomea karafuu za Zanzibar.

Tanzania Bara ilitunga Sheria yake ya Mwenendo wa Mashauri ya Madai mwaka 1966. Chini ya sheria hiyo, nyumba wanamoishi mdaiwa na familia yake nayo iliingizwa ndani ya ua, isipokuwa ikiwa imewekwa rehani kwa deni hilohilo. Wanaokamata na kuuza mali kwa amri ya mahakama ni madalali, nao pia waliwekewa sheria: Kenya iliwaweka chini ya bodi ya leseni kwa sheria ya 1996. Tanzania ilitoa kanuni za madalali wa mahakama mwaka 1997, ikazibadilisha mwaka 2017.

Mshindi wa kesi ana haki ya kulipwa, na mahakama isiyokazia hukumu zake inamdhulumu yeye. Lakini dalali anayebeba godoro la watoto ametoka nje ya amri aliyopewa. Mdaiwa anayo haki ya kuiona amri hiyo, kujua kilichoorodheshwa na kudai hesabu ya mnada. Fedha zikizidi deni na gharama, ziada ni yake, na arudishiwe yote.