Fidla Iliyotiwa Umeme: Jean-Luc Ponty na Suala la Mipaka ya Tanzu

Utangulizi

Mijadala mingi ya uhakiki wetu huishia penye swali moja: hii ni kazi ya utanzu gani? Kazi ikishapewa jina, basi, kesi imefungwa. Kichomi ya Euphrase Kezilahabi ilipotoka mwaka 1974, ugomvi wa kama yale ni mashairi au si mashairi ulipamba moto, na kwa maoni yangu ulimeza mengi yaliyosemwa mle ndani. Watu walihesabu mizani, wakakuta haimo, wakafunga kitabu.

Katika insha hii nataka kulitazama suala hilo kupitia historia ya mtu asiye mwandishi kabisa: Mfaransa Jean-Luc Ponty, mpiga fidla ya umeme. Nimemchagua makusudi. Tukitoka kidogo nje ya fasihi, ushabiki wetu wa kambi hupungua, na tunaweza kuona ukuta wa utanzu hujengwa na nani. Hoja yangu ni hii: Ponty hakuvuka mipaka kwa sababu alipenda sifa ya kuvuka. Alivuka kwa kuwa kazi aliyokuwa nayo mkononi ilimdai hivyo. Majina ya tanzu yalikuja nyuma yake, na hayakugawiwa kwa haki.

Kutoka okestra hadi klabu

Ponty alizaliwa Avranches, Ufaransa, mwaka 1942. Baba yake alifundisha fidla, mama yake piano. Akaingia Conservatoire ya Paris, chuo cha muziki chenye sheria kali, akahitimu mwaka 1960 na tuzo ya kwanza. Halafu akaajiriwa katika okestra ya Concerts Lamoureux, akakaa huko miaka mitatu. Kufikia hapo hakuna cha ajabu: ni kijana wa shule, mwenye sheria zote kichwani.

Lakini usiku mambo yalikuwa mengine. Kijana huyu alikuwa amesikia jazi ya Miles Davis na John Coltrane, naye akaipiga kwa klarineti na saksafoni. Baadaye akabaki na fidla yake ileile. Inasimuliwa kwamba alikuwa akitoka kwenye okestra na kwenda moja kwa moja klabuni na suti yake ya maonyesho mwilini. Mchana alisoma noti zilizoandikwa na wengine. Usiku alitunga papo kwa papo, kama malenga wetu wanavyojibizana jukwaani.

Tusidanganyane hapa. Wako wanaodhani kwamba msanii wa papo kwa papo hana sheria. Ana sheria, tena ngumu: ashike mapigo, afuate mfuatano wa sauti uliokubaliwa, na aseme jipya ndani yake bila kupewa nafasi ya kufuta. Ponty hakuitupa shule yake. Mkono uliofundishwa Conservatoire ndio uliomwezesha kukimbia klabuni.

Kwa nini umeme?

Sasa tuje kwenye kiini. Fidla ni kisanduku kidogo cha mbao. Ndani ya okestra wanakaa wapiga fidla wengi wakipiga pamoja, na sauti zao zinajumlishwa. Klabuni Ponty alikuwa peke yake, na nyuma yake dramu, besi na piano. Angefanyaje? Ukisimamisha maikrofoni mbele ya fidla, inanasa na kelele za dramu. Njia iliyofaa ni kukibandika kinasa sauti kwenye fidla yenyewe, karibu na kigingi kidogo kinachobeba nyuzi, ili mtikisiko uende moja kwa moja kwenye amplifaya.

Kwa hiyo umeme ulianza kama dawa ya shida ya kawaida kabisa: jamaa alikuwa hasikiki! Wala haikuwa falsafa. Ila dawa hiyo ilizaa mambo. Sauti ikishakuwa umeme, inaweza kupitishwa kwenye pedali za wapiga gitaa: ikarefushwa, ikapewa mwangwi, ikakwaruzwa, ikayumbishwa. Fidla ikapata sauti ambayo mtunzi wa zamani hakuiwazia, na sauti hiyo ikaita muziki wake. Fani imebadilika, na maudhui yakafuata. Wale tuliofundishwa kwamba maudhui ndiyo huamua fani, hebu tulitafakari hili.

Kilichofuata ni mbio. Mwaka 1967 John Lewis wa Modern Jazz Quartet alimwalika kwenye tamasha la Monterey, Marekani. Mwaka 1970 ikatoka santuri King Kong, ambamo Ponty anapiga tungo za Frank Zappa. Ndani yake mna kipande kirefu ambacho Zappa alikipa jina la dhihaka linalosema kuwa ni muziki wa fidla ya umeme na okestra ya bajeti ndogo. Mwaka 1972 alisikika katika Honky Château ya Elton John, ambayo ni muziki wa pop mtupu. Mwaka 1973 akahamia Marekani na familia yake na kupiga na kundi la Zappa, Mothers of Invention. Mwaka uliofuata akaingia Mahavishnu Orchestra ya John McLaughlin. Kuanzia 1975 akaongoza bendi yake mwenyewe, na santuri kama Imaginary Voyage (1976) na Enigmatic Ocean (1977) zikauzwa sana. Na madukani ziliwekwa wapi? Kwenye rafu ya jazi, ingawa mpiga gitaa aliyejifunzia roki angejisikia yuko nyumbani mle.

Nani alivuka kwanza?

Hapa ndipo historia inapoanza kuuma. Ukisoma sifa za Ponty, utadhani yeye ndiye aliyeleta umeme kwenye fidla. Si kweli. Stuff Smith, Mmarekani mweusi aliyezaliwa Ohio mwaka 1909, alikuwa akipiga fidla yenye kipaza sauti katika klabu za New York tangu miaka ya 1930. Sababu yake ilikuwa ileile: asikike. Mwaka 1966, huko Basel, Smith na Ponty walisimama jukwaa moja pamoja na Stéphane Grappelli na Svend Asmussen. Smith akafariki mwaka uliofuata.

Yuko pia Don "Sugarcane" Harris, mtu wa bluzi na R&B. Santuri ya Zappa ya 1969, Hot Rats, ina fidla ya Harris na ya Ponty pia. Mbona basi sifa ya "mvuka mipaka" inampendeza Ponty kuliko wenzake hawa? Jibu langu: kwa sababu ya alikotokea. Mtu wa Conservatoire akiingia klabuni, wahakiki husema amevuka. Mtu wa klabuni akitia umeme kwenye fidla, eti yuko kwao tu, hajaenda popote. Kitendo ni kimoja, majina mawili.

Simlaumu Ponty kwa hilo. Rafu hakuzipanga yeye. Lakini swali linarudi mwaka 1991, alipotoa Tchokola, santuri aliyoirekodi na wanamuziki wa Kiafrika waliokuwa wakiishi Paris, juu ya mapigo ya Afrika Magharibi. Jina kubwa la jaladani ni lake. Je, ni ushirikiano au ni kuchota kisimani kwa mwenzio? Kwa upande mmoja, mapigo yale ni mali ya jamii ambazo hazikuandikwa juu ya jalada. Kwa upande wa pili, hakuchukua akaondoka: mpiga besi wa Kameruni, Guy Nsangué Akwa, aliendelea kupiga katika bendi yake miaka mingi. Mimi naona pande zote mbili zina ukweli, na mhakiki anayetaja upande mmoja tu amefanya nusu ya kazi.

Hitimisho

Tunajifunza nini sisi wa fasihi? Kwanza, tukikutana na kazi iliyoruka ua, tuanze kwa kuuliza ilikuwa na shida gani ambayo ua ule haukuweza kuitatua. Anayeacha vina huenda kuna jambo lililokuwa halisikiki ndani ya vina, kama fidla mbele ya dramu. Tukishalijua jambo hilo, ndipo tupime kama limesikika. Likiwa halijasikika, tuseme wazi kwamba kazi imeshindwa. Kuvuka peke yake si tuzo.

Pili, kabla ya kumvika mtu taji la uanzilishi, tutazame nani alipita njia hiyo kabla yake bila kupigiwa makofi. Malenga aliyechanganya wimbo, kisa na shairi kilingeni hakuitwa mwanamapinduzi. Aliitwa msanii wa jadi, na wengi wetu hatukubaki kumsikiliza.